UZI: Kufunga nzi wa kuvulia trauti kwa vifaa vya nyumbani (tunaanza na "baga")

#1 MamaManyoya
Wadau, salamu. Kila mtu akiuliza humu namna ya kufunga nzi wa bandia, anatupiwa video za watu wenye meza kubwa kuliko chumba changu, halafu mazungumzo yanafia hapo. Nimeamua kuandika mwenyewe. Nitaweka vipande vipande, maana simu yangu ikifika asilimia thelathini huwa inajizimia tu.

Nijitambulishe kidogo. Nimefunga nzi miaka 11 katika karakana moja hapa Nairobi, jina silitaji. Tulilipwa kwa dazeni, na dazeni iliyokataliwa haikulipwa. Kazi yote ilikwenda ng'ambo. Katika miaka hiyo sikuwahi kuona samaki hata mmoja akimdaka nzi wangu. Trauti nilimjua kwa picha ya kalenda iliyobandikwa ukutani. Ni mwaka juzi tu, baada ya kuacha kazi, ndipo mtoto wa dada yangu aliyeko Nyeri aliponipeleka Mto Thego na kunishikisha fimbo. Siku ile nilielewa kelele zote tulizopigiwa na mkaguzi wetu bila kuelezwa sababu. Uzi huu ni wa hizo sababu, zaidi ya hatua zenyewe.

Kwa asiyejua: nzi huyu ni ndoana iliyovishwa manyoya, nyuzi na waya mpaka samaki amdhanie mdudu, au kitu chochote kinacholiwa. Katika uvuvi tuliouzoea, uzito wa chambo au wa timazi ndio unaovuta mshipi uende mbali. Nzi hana uzito wa maana. Hapa kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, naye nzi anafuata nyuma kama mkia wa tiara. Ndiyo maana unyoya mmoja uliokaa upande unaweza kumfanya azunguke hewani kama pia na kukusokota uzi wote.

Nitafundisha mmoja tu, Woolly Bugger. Mezani tulimwita "baga". Ni mkubwa, anasamehe makosa, na trauti wa mito na maziwa yetu humpenda.

#2 Mzabibu_Dodoma
Nimefungua uzi huu nikidhani ni dawa ya kuzuia nzi wa jikoni. Basi nimekaa, naendelea kusoma.

#3 MamaManyoya
Karibu kaa. VIFAA.

Jiliwa dogo la kubana ndoana. Huna? Chukua koleo ya kujifunga yenyewe, ile ya mafundi magari, ifunge kwenye kipande cha mbao kwa skrubu mbili, uibane mbao hiyo ukingoni mwa meza. Nimefundishia vijana wanne hivyo.

Uzi. Wa cherehani ule mnene wa pamba usiutumie, unajaza kichwa kabla hujafanya lolote. Tafuta poliesta nyembamba kabisa, nyeusi. Kibebeo cha uzi, sisi tuliita bobini, ndicho kifaa ambacho ningekuomba ununue. Kazi yake kubwa ni uzito: ukiachilia mkono, kinaning'inia na kuushika uzi usilegee wakati unatafuta unyoya. Kila kitu katika nzi kinashikwa na mkazo wa uzi. Hakuna gundi ya kukuokoa.

Mkasi mdogo wenye ncha kali, wa manyoya peke yake. Ukikatia waya, kata kwa sehemu ya ndani karibu na kiungo, si kwa ncha.

Rangi ya kucha isiyo na rangi. Sindano. Waya mwembamba wa shaba. Ule wa ndani ya mota iliyoungua ya feni unafaa sana na fundi redio atakupa bure.

Ndoana za shina refu, namba 8 au 10. Namba zake ni kinyume: inavyopanda, ndoana inapungua. Namba 16 ni ndogo kuliko 8. Mpaka ufike kwenye zile zenye sifuri, 1/0, 2/0, hapo sasa zinakua.

Manyoya nitayaeleza peke yake, maana ndiyo yenye maneno.

#4 Kijana_Mbeya
Shikamoo mama. Mimi nina koleo na cherehani ya marehemu bibi, nyuzi zipo tele. Jogoo tunaye pia ingawa hajui bado.

#5 MamaManyoya
Marahaba mwanangu. Jogoo msimchinje kwa ajili yangu. Subirini sikukuu.

MANYOYA. Jogoo ana sehemu mbili za kututosha: shingoni na mgongoni karibu na mkia. Ya mgongoni ni marefu zaidi na unene wake haubadiliki sana kutoka mwanzo hadi mwisho, ndiyo ninayoyataka kwa baga. Shika unyoya, uvute nywele zake kinyume: zile nywele zenye utando laini hunyonya maji, zile ngumu zinazong'aa hazinyonyi. Kuku wetu wa kienyeji ana utando mwingi. Kwa nzi wa kuelea juu ya maji huyo hafai, atazama kama kitambaa. Kwa nzi wa kuzama kama wetu ni mzuri mno, kwa sababu nywele laini zinapumua majini: ukivuta mshipi zinalala, ukiacha zinafunguka. Ng'ambo kuna watu wanazalisha majogoo kwa ajili ya manyoya tu, vizazi na vizazi, na ngozi moja ya shingo inauzwa bei ya mbuzi. Hatuzihitaji leo.

Mkia wa nzi unatengenezwa kwa manyoya ya malaika ya bata mzinga, yale mepesi yanayopeperuka ukipumua karibu. Sokoni huitwa marabou.

Yaosheni kwa sabuni ya unga, yakausheni kivulini, kisha yatieni kwenye mfuko na kuyaweka kwenye friza siku kadhaa. Nondo akiingia kwenye mkebe wako wa manyoya utakuta vijiti vitupu.

#6 Kaloli256
Nawasalimu kutoka Kampala. Mama, umesema marabou. Huku wale ndege wa marabou, sisi tunawaita kaloli, wamejaa kila dampo na juu ya kila mti. Naweza kuokota manyoya yao? Ni bure kabisa.

#7 MamaManyoya
Kaloli, umenichekesha, hata Nairobi tunao. Jina kweli lilitoka kwa ndege huyo. Zamani manyoya ya chini ya mkia wake yalitumika kwenye mavazi na kofia. Siku hizi karibu yote yanayouzwa kwa jina hilo ni ya bata mzinga. Usiokote. Kwanza unajua ndege yule anashinda wapi na miguu yake anaimwagia nini. Pili, sehemu za wanyamapori zina sheria. Hapa Kenya iko sheria ya mwaka 2013, na unyoya wa ndege wa porini unaweza kukuingiza matatani kama ngozi ya chui, kwa kadiri yake. Tumia wa kufugwa: jogoo, bata mzinga, kanga wa nyumbani, tausi wa mtu unayemjua.

#8 Wa_Kinross
Naomba niingie kidogo. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Uskoti, si mbali na Loch Leven. Kuna duka la vifaa vya uvuvi ambapo mume wangu hununua nzi. Siku moja nikageuza kijipakiti, nyuma kimeandikwa kwa herufi ndogo kwamba wamefungwa kwa mkono Kenya. Nilisimama pale dukani nikacheka peke yangu. Mume wangu alidhani nimeona bei.

#9 MtoChania
Dada wa Kinross, hujui ulichokisema. Trauti wa kwanza wa Kenya walitoka huko huko kwako. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, yakasafirishwa mpaka Aberdare na vifaranga vikatiwa Mto Gura. Wale wenye mistari ya upinde wa mvua walikuja baadaye, kutoka Afrika Kusini. Kwa hiyo ninyi mlituletea samaki, sisi tunawaletea nzi wa kuwavulia.

#10 Mwana_wa_Nyandarua
Tusimsifu sana Grogan humu. Ndiye huyo huyo aliyewachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Na mito ile waliyoitia samaki wao, babu zetu walikuwa wakikamatwa kwa kuivua. Huo mchezo ulikuwa wa Wazungu, mwenyeji alibeba kikapu.

#11 MtoChania
Sijamsifu, nimetaja tarehe. Babu yangu mimi alikuwa mmoja wa hao wabeba kikapu. Alijua kila shimo la Chania ambalo samaki hulala, na aliyepigwa picha ni mwingine.

#12 MamaManyoya
Hayo yote ni kweli na yaandikiwe uzi wake, nitausoma. Hapa turudi mezani kabla chaji haijaisha.

HATUA YA KWANZA, ndoana. Ibane kwenye jiliwa sehemu ya kona, shina likae sawa na meza. Iguse kwa kucha: ikilia kama uzi wa gitaa imekaa, ikicheza kaza. Kabla ya kuibana, ponda ule mwiba mdogo unaorudi nyuma karibu na ncha. Samaki mdogo utamtoa bila kumchana, na siku ndoana ikiingia sikioni mwako utanikumbuka kwa wema.

HATUA YA PILI, uzi. Anza nyuma ya tundu (lile jicho la ndoana linalopitishwa mshipi), lakini SI kwenye tundu. Acha nafasi ya tundu mbili. Mkaguzi wetu alikuwa na msemo wake kuhusu hilo, siwezi kuuandika hapa. Mzungushe uzi ukipita juu kwenda mbali nawe, chini kurudi kwako. Mizunguko mitano juu yenyewe ushike, kata mkia, kisha rudi nyuma kwa mizunguko iliyolala bega kwa bega mpaka usawa wa pale ulipoponda mwiba. Shina tupu la chuma linateleza. Lililovishwa uzi linashika.

HATUA YA TATU, uzito, ukitaka nzi azame haraka. Zungusha waya laini wa risasi mara kumi katikati ya shina, au tumia shanga ya shaba. Shanga huingia KABLA ya ndoana kubanwa. Usicheke, kila anayeanza husahau. Tundu lake jembamba lielekee mbele.

HATUA YA NNE, mkia. Chukua kishungi cha manyoya ya bata mzinga. Lowesha vidole kwa mate, yashike, yakusanyike. Urefu wa mkia uwe sawa na urefu wa shina. Ukiwa mrefu zaidi samaki atauma mkia na kuondoka nao, ndoana ataiacha. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama: wakikaza uzi, manyoya yanazunguka na kwenda upande wa pili wa shina. Dawa yake ni hii. Bana manyoya na shina kwa pamoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Pitisha uzi juu katikati ya vidole ukiwa LEGEVU, uteremke upande wa pili ukiwa bado legevu, kisha vuta kwenda chini moja kwa moja. Usiachie vidole. Rudia mara mbili, ndipo ufungue uone.

Yale mashina ya manyoya yanayobaki usiyakate pale pale nyuma. Yalaze juu ya ndoana mpaka karibu na mbele, uyafunge yote. Ukiyakata nyuma, mwili wa nzi utakuwa na nundu.

#13 Kijana_Mbeya
Mama, manyoya yamezunguka. Mara tatu.

#14 MamaManyoya
Unaachia vidole kuchungulia.

#15 Kijana_Mbeya
Ni kweli nilichungulia.

#16 Mdau_wa_Nyungunyungu
Samahani, mimi naona mnajitesa. Nyungunyungu mmoja, ndoana moja, dakika tano una samaki. Hizi sanaa za nini?

#17 MtoChania
Ndugu, kwenye mito mingi ya trauti huku leseni yenyewe inakutaka utumie nzi. Na kuna sababu: samaki humeza nyungunyungu mpaka tumboni, ukimtoa ni maiti. Nzi humshika mdomoni, mdogo unamrudisha majini akakue. Ukija, ulizia leseni na kiwango cha samaki unaoruhusiwa kabla hujashuka mtoni. Askari wa mto hawana mzaha.

#18 Mwalimu_Zama
Mnajua jambo hili ni la kale kiasi gani? Claudius Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki mnamo mwaka 200 hivi wa enzi hii, anasimulia Wamakedonia waliovua katika mto uitwao Astraeus. Samaki wa pale walikula mdudu mmoja wa juu ya maji. Wavuvi hawakuweza kumtumia mdudu mwenyewe, kwa sababu akiguswa na mkono wa mtu rangi yake huharibika na mabawa yananyauka. Basi wakaizungushia ndoana sufu nyekundu, wakafunga na manyoya mawili ya jogoo, yale yanayoota chini ya ndevu zake za nyama, yenye rangi ya nta. Fimbo futi sita, na uzi urefu huo huo. Jogoo amekuwa kazini muda mrefu.

#19 Kurambaza_Lamu
Mwalimu, umenikumbusha babu. Huku Lamu hatuna trauti, lakini babu alikuwa akirambaza nje ya miamba kwa ndoana aliyoifunga manyoya meupe ya jogoo kwa uzi wa kushonea tanga. Nguru walikuwa wakiidaka kama wenda wazimu. Yeye hakuiita nzi, aliita "unyoya" tu. "Nitolee ule unyoya, mwanangu," ndivyo alivyokuwa akisema. Sasa nauliza: huyu baga wa mama anafaa baharini?

#20 MamaManyoya
Babu yako alikuwa fundi, ila hakuwa na mkaguzi wa kumkasirikia. Baga anaweza kudakwa baharini, tatizo ni ndoana: ya kawaida itashika kutu kesho yake. Tumia ya chuma kisichoshika kutu. Kwa kwenu ningefunga Clouser Minnow. Ana macho mawili mazito ya chuma yanayofungwa upande wa juu wa shina, kwa hiyo majini nzi anapinduka, ncha ya ndoana inatazama juu na haikwami kwenye matumbawe. Manyoya yake ni ya mkia wa paa. Wengine hutumia nyuzi za plastiki na samaki hawalalamiki. Aliyembuni ni Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani. Na baga wetu pia husemwa kuwa ni wa mtu wa Pennsylvania, Russell Blessing, mwaka 1967: alichukua nzi wa zamani mwenye umbo la kiwavi akamwongezea mkia wa marabou. Maji ya jimbo lile yana kitu.

Tunaendelea. HATUA YA TANO, funga vitu vitatu nyuma, pale mkia unapoanzia, kwa mpangilio huu: waya wa shaba, unyoya wa jogoo kwa ncha yake, na chenili. Chenili ni ule uzi wenye manyoya manyoya, unauzwa kwa wanaofuma mapambo. Kabla ya kuifunga, ivue mwisho wake kwa kucha ubaki uzi wa ndani peke yake, hapo ndipo pa kufunga. Huna chenili? Sufu ya kufumia masweta, uzi mmoja uliochambuliwa. Rangi nyeusi au kijani cha mzeituni uliokolea.

HATUA YA SITA, peleka uzi mbele, ukomee pale pale penye nafasi ya tundu mbili. Zungusha chenili kuja mbele, kila mzunguko uguse wenzake. Funga mizunguko mitatu, kata.

HATUA YA SABA, unyoya. Ushike kwa shina lake nene na uuzungushe kuja mbele kwa nafasi, mara tano au sita kwa mwili mzima. Nywele zake zielekee nyuma. Funga, kata.

HATUA YA NANE, waya. Huu unauzungusha KINYUME na ulivyozungusha unyoya. Ukiuzungusha upande ule ule utaangukia sambamba na shina la unyoya na hautaushika. Kinyume, unalikata shina lile kila linapopita, kama kamba ya mzigo kwenye baiskeli. Utikise kidogo kushoto na kulia unapopita ili usizilaze nywele. Trauti ana meno madogo makali, na shina la unyoya lisilo na waya hukatika kwa samaki wa pili. Waya ukikatika mkononi, anza upya, usijaribu kuunga.

#21 Wa_Kinross
Mama, mume wangu anasema yeye hufunga nzi wa Frank Sawyer ambaye hana uzi kabisa, waya wa shaba na manyoya ya mkia wa ndege aitwaye fezanti tu. Inawezekana?

#22 MamaManyoya
Mwambie shemeji yuko sawa, na ni kazi nzuri. Sawyer alikuwa mlinzi wa mto Avon, Wiltshire, Uingereza. Waya ule ule ndio uzito, ndio kifungio, ndio rangi ya mwili unaoonekana katikati ya manyoya. Mezani sisi tuliwafunga kwa uzi kwa sababu ni haraka, na dazeni ndiyo iliyotulisha. Nikiwa na jioni yangu mwenyewe huwa nafunga kwa njia yake.

Sasa KICHWA. Hapa nataka mnisikilize.

Kila siku pale kazini kulikuwa na kisanduku cha waliokataliwa. Si waliokosa mkia wala waliofunguka. Wengi walikuwa wazuri kabisa, ila kichwa kimekaribia tundu mno, au tundu limeingiwa na tone la vanishi. Nilikatwa pesa kwa makosa hayo mara nyingi hata nikaamini ni njama ya kutopandisha malipo. Nzi mzima, mkia safi, manyoya sawa, anatupwa kwa tone lisiloonekana! Siku moja nililia chooni. Nilikuwa na dazeni nne kisandukuni na kodi imefika.

Sasa njooni Thego, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlima Kenya umetoka weupe juu, maji yanatoka huko huko, vidole havina habari. Mtoto wa dada yangu amenipa mkebe wa nzi alionunua yeye mwenyewe. Namtoa mmoja, nataka kupitisha uzi wa nailoni mwembamba kama unywele, haupiti. Tundu limezibwa na vanishi. Natafuta sindano, hakuna. Najaribu kwa ncha ya nzi mwingine, najichoma. Wa pili: tundu liko wazi lakini kichwa kimelikaribia mno, fundo halina pa kukaa, nikalikaza, likapanda juu ya manyoya, nikavuta, likakatika. Wakati huo samaki wanapanda juu ya shimo lile mbele yangu, puu, puu, kama watoto wanaotupa mawe. Dakika ishirini zilikwenda. Jua likapanda na samaki wakaacha.

Nilikaa juu ya jiwe nikamtazama yule nzi kwa karibu. Mkazo wa mkono ule niliujua. Si wangu, lakini ni wa meza kama yetu, siku ya mwisho wa wiki, mtu anakimbizana na dazeni. Mkaguzi wake alisinzia.

Kwa hiyo: hiyo nafasi ya tundu mbili uliyoiacha mwanzo ndiyo unayoitumia sasa. Vuta nywele zote nyuma kwa vidole. Mizunguko michache ya kufanya kichwa kidogo, mteremko kama ncha ya penseli. Fundo la kumalizia: fanya kitanzi kwa vidole viwili, ulaze uzi unaotoka kwenye bobini sambamba na shina, na upande wa juu wa kitanzi uuzungushe juu yake na juu ya shina mara tano, kisha vuta taratibu mpaka kitanzi kimezwe. Mara ya kwanza jizoezeni kwa kamba ya katani kwenye mpini wa mwiko, mtaona kinachotendeka. Kata. Tone la rangi ya kucha kwa ncha ya sindano, kichwani tu. Na kabla halijakauka, pitisha sindano kavu tunduni. Kila nzi. Hata ukifunga mmoja.

#23 Mwana_wa_Nyandarua
Mama, hilo jiwe nimelikalia mimi pia. Sikujua lawama nimpe nani.

#24 Kaloli256
Swali la mwisho na naahidi kuwaacha kaloli salama. Huyu baga anavuliwaje? Unamwacha aelee?

#25 MamaManyoya
Hapana, yeye si wa kuelea. Mtupe kuvuka mto kuelekea upande wa chini, mwache azame na achukuliwe na maji mpaka mshipi unyooke, kisha mrudishe kwa mivuto mifupi: vuta, acha, vuta, acha. Kwenye "acha" ndipo mkia unapofunguka, na mara nyingi ndipo anapodakwa. Samaki anaweza kumdhania buu la kereng'ende, au ruba, au samaki mdogo. Ziwani, kama Rutundu kule juu mlimani, mwache azame kwa muda zaidi. MtoChania atawaeleza zaidi, mimi mtoni nimekwenda mara sita tu.

#26 Samaki_Ifakara
Huku Kilombero kuna samaki aitwaye tiger, meno kama msumeno. Wageni huja kuwavua kwa nzi, hasa mito ya Mnyera na Ruhudji. Baga atafaa?

#27 MamaManyoya
Atafaa kwa mdako mmoja! Kwa huyo unahitaji ndoana kubwa, 2/0 hadi 4/0, nyuzi za plastiki badala ya manyoya laini, na kipande cha waya wa chuma kati ya nzi na mshipi. Nailoni ataikata kama tambi.

#28 Kijana_Mbeya
[picha]
Mama, huyu ni wa nne. Uzi wa bibi ulikuwa mnene kweli, nimenunua wa poliesta. Mkia hauzunguki tena. Sufu nimechambua kutoka sweta la shule la mdogo wangu, asijue. Waya nimepewa na fundi feni.

#29 MtoChania
Kwa wa nne? Huyo anavua, kijana.

#30 MamaManyoya
Nimekuza picha. Mkia vizuri. Unyoya umeufunga kwa shina nene badala ya ncha, ndiyo maana nywele za nyuma ni ndefu kuliko za mbele. Lakini samaki hatakuuliza. Waya umekwenda kinyume, nimeona, hongera. Kichwa sijakiona vizuri kwa sababu kidole chako kimefunika. Sogeza kidole upige tena.

#31 Kijana_Mbeya
[picha]

#32 MamaManyoya
Ulificha kwa makusudi.

#33 Kijana_Mbeya
Ndiyo mama.

#34 MamaManyoya
Chukua wembe, mvue yote uanze na ndoana ile ile. Safari hii weka alama ya kalamu kwenye shina, tundu mbili kutoka mbele, na uzi usivuke hapo mpaka mwisho. Mimi nipo mpaka saa nne usiku.